“Sasa hivi” kwenye kichujio cha LDAP: nani aikokotoe saa?

Aliyezoea SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, akiingia kwenye LDAP, njia ya kuuliza saraka ya watumiaji wa ofisi, hutafuta kitu kimoja na hakioni. Kule aliandika NOW(), yaani saa ya sasa, akatoa siku tisini, akapata orodha ya akaunti zilizolala. Huku kichujio, yaani sharti la utafutaji, hakina neno la namna hiyo. RFC 4515 ya mwaka 2006, inayoeleza jinsi kichujio kinavyoandikwa, inakupa usawa, uwepo wa sifa (kipengele kimoja cha taarifa za akaunti), kipande cha neno, `>=`, `<=` na mlango wa kanuni za ziada za ulinganishaji. Upande wa kulia wa alama ni thamani tu, basi. Chukua sifa `modifyTimestamp`, muda ingizo lilipobadilishwa mara ya mwisho. Ukijaribu `(modifyTimestamp<=now)` kwenye OpenLDAP, mojawapo ya seva za LDAP, seva haikupi kosa lolote. Inaona hiyo si tarehe, inakihesabu kichujio kuwa hakijulikani, halafu inakurudishia orodha tupu. Orodha tupu ni mbaya kuliko kosa, maana bosi ataisoma kama “hakuna akaunti iliyolala, hongereni.”

Kwa hiyo lazima mtu aijaze ile saa. Inaweza kuwa mashine inayouliza, seva inayojibu, au kazi ya usiku inayopita kabla ya wote na kuacha alama. Nazilinganisha nikiwa na ofisi za huku Nyanda za Juu Kusini kichwani: chuo kimoja hapa Mbeya chenye OpenLDAP, kampuni ya chai upande wa Mufindi yenye Active Directory (saraka ya Microsoft), na SACCOS moja ya Iringa iliyorithi OpenDJ, seva nyingine ya LDAP, kwa mkandarasi wa zamani. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kwa ripoti na usafi wa akaunti, kokotoa mwenyewe kwenye skripti. Kwa programu zinazokupa kisanduku kimoja cha kichujio na hazitaki maelezo mengine, piga alama. Kanuni ya upande wa seva ni tamu, ila inakufunga kwa aina moja ya seva.

Mashine inayouliza ikokotoe

Hii ndiyo njia ya kawaida, na inafanya kazi kwa seva yoyote kwa sababu seva haijui kama kuna hesabu iliyofanyika. Inapokea tarehe kamili kama kawaida yake. Kwenye chuo chenye OpenLDAP inakuwa hivi:

```
KIKOMO=$(date -u -d '90 days ago' +%Y%m%d%H%M%SZ)
ldapsearch -LLL -Y EXTERNAL -H ldapi:/// \
  -b "ou=wanafunzi,dc=chuo,dc=example" \
  "(modifyTimestamp<=$KIKOMO)" uid
```

Hiyo `-d` ni ya `date` ya Linux. Kwenye macOS na FreeBSD unaandika `-v-90d`.

Tazama ile `-u`. Ukiiacha kwenye mashine iliyowekwa saa za Afrika Mashariki, `date` inakupa saa za hapa, kisha wewe unazibandika herufi Z inayodai ni saa za UTC, saa ya kimataifa iliyo saa tatu nyuma ya yetu. Tayari umeshapotoka saa tatu. Kwa ripoti ya siku tisini hakuna atakayegundua. Kwa mkataba unaokwisha leo, atagundua yule aliyefungiwa akiwa katikati ya kazi, au yule aliyepaswa kufungiwa na hakufungiwa. Na sisi tuna mtego wetu wa ziada, ambao watu wa Ulaya hawaujui: mhasibu anakwambia “saa tatu asubuhi”, saa ya ukutani ya kompyuta inasema 09:00, LDAP inataka 060000Z. Tatu, tisa, sita, na zote ni dakika ileile. Mimi barua ikiniambia mkataba unakwisha tarehe 30 Juni 2025 saa sita usiku, naandika kwanza kwenye karatasi `20250630210000Z`, ndipo nagusa kibodi. Sintaksia ya GeneralizedTime, yaani muundo huu wa tarehe wa LDAP, inaruhusu pia kuandika `20250701000000+0300`, ila napenda Z kwa kuwa ndivyo seva inavyoandika mihuri yake yenyewe, na macho yanalinganisha haraka.

Kuna faraja moja: Tanzania haina mambo ya kusogeza saa mbele kiangazi na kuirudisha baadaye. Tofauti ni saa tatu mwaka mzima.

Active Directory ni simulizi nyingine, na ndiko kwenye mitego mingi zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Sifa kama `accountExpires` (akaunti inakoma lini), `pwdLastSet` (nywila iliwekwa lini) na `lastLogonTimestamp` (mtu aliingia lini mara ya mwisho) hazihifadhi tarehe inayosomeka. Zinahifadhi namba moja ndefu: vipande vya nanosekunde 100 vilivyopita tangu tarehe 1 Januari 1601 kwa saa za UTC. Kutoka sekunde za Unix, zinazohesabiwa tangu mwaka 1970, unajumlisha 11644473600, kisha unazidisha kwa milioni kumi. Saa sita usiku ya kuamkia mwaka mpya wa 2025 hapa Mbeya ni `133801524000000000`. Hakuna binadamu anayeitambua kwa macho, ndiyo maana vichujio vya namna hii vikishahifadhiwa mahali vinazeeka bila mtu kujua. Mtu alikokotoa namba siku moja, akaibandika kwenye mfumo, na tangu hapo “siku tisini zilizopita” ikawa inaongezeka kwa siku moja kila kukicha.

Kwa PowerShell, lugha ya skripti ya Windows, kazi inapungua:

```
$kikomo = (Get-Date).AddDays(-90).ToFileTime()
Get-ADUser -LDAPFilter "(lastLogonTimestamp<=$kikomo)"
```

Mtego wa kwanza uko ndani ya `lastLogonTimestamp` yenyewe. Kwa mipangilio ya kawaida haiandikwi upya kila mtu anapoingia. Inasasishwa pale tu thamani iliyopo ikiwa na umri wa kati ya siku 9 na 14, ili seva zisijazane taarifa kwenye mtandao. Kuuliza “nani hajaingia wiki hii” kwa sifa hii ni kupoteza muda. Iko `lastLogon`, ambayo ni sahihi hadi dakika, lakini haisambazwi kati ya seva. Itakubidi uulize kila kidhibiti, yaani kila seva ya Active Directory, kimoja kimoja kisha uchukue namba kubwa kuliko zote. Kwa siku tisini, tumia ya kwanza bila wasiwasi.

Mtego wa pili: asiyewahi kuingia hata mara moja hana sifa hiyo kabisa, na `<=` haimpati. Ukitaka naye aonekane, ongeza `(!(lastLogonTimestamp=*))`. Ukishamwongeza, kichujio kinamkamata pia karani aliyeajiriwa jana ambaye hata nywila hajapewa. Basi unaweka na sharti la tarehe ya kufunguliwa akaunti, na hapo ndipo utacheka au utalia, kwa sababu `whenCreated` haitumii ile namba ndefu. Inatumia GeneralizedTime yenye nukta na sifuri:

```
(&(whenCreated<=20250401000000.0Z)
  (|(lastLogonTimestamp<=133801524000000000)
    (!(lastLogonTimestamp=*))))
```

Kichujio kimoja, kalenda mbili. Namba zenyewe hapo ni za mfano tu. Zako zitoke kwenye skripti, zote mbili zikokotolewe kutoka kwenye kigezo kimoja cha wakati.

Mtego wa tatu ndio mbaya. `accountExpires` ina thamani mbili zinazomaanisha “haikomi kamwe”: moja ni 9223372036854775807, nyingine ni sifuri. Ile kubwa haina shida, iko mbele mno. Sifuri iko nyuma ya kila “sasa”. Ukiandika `(accountExpires<=$sasa)` na kuipeleka orodha moja kwa moja kwenye amri ya kufungia akaunti, utawafungia watu ambao akaunti zao hazina kikomo, na kwa kawaida hao ndio wakubwa na akaunti za mifumo. Andika hivi:

```
(&(accountExpires>=1)(accountExpires<=$sasa))
```

Ukitaka “chini ya” kamili bila usawa, LDAP haina alama hiyo; unakanusha `>=`. Kumbuka tu kwamba kukanusha kunawaleta pia wasio na sifa hiyo.

Udhaifu wa njia hii ya kwanza ni miwili. Saa inayotumika ni ya mashine inayouliza, kwa hiyo kompyuta ya mezani iliyokaa bila umeme wiki nzima, betri yake ndogo imekufa, ikiwaka inaweza kuuliza maswali ya mwaka mwingine kabisa. Na inahitaji mahali pa kufanyia hesabu. Kisanduku cha “kichujio cha LDAP” kwenye mfumo wa Wi-Fi au printa hakina mahali hapo.

Seva yenyewe ijaze saa

Familia ya OpenDS iliyoanzia Sun, ambayo OpenDJ na Oracle Unified Directory zimetokana nayo, ina kitu ambacho wengine hawana: kanuni mbili za ulinganishaji wa wakati kwa kuhesabia sasa. Kule SACCOS ya Iringa nilikuta kichujio hiki kimeandikwa kwenye skripti ya mistari mitatu:

```
(lastLoginTime:relativeTimeLTOrderingMatch:=-13w)
```

Yaani wale ambao muda wao wa kuingia ni wa zamani kuliko wiki 13 zilizopita, ukihesabu kuanzia dakika seva inapopokea swali. Kipimo kinaweza kuwa s, m, h, d au w. Alama ya kutoa inarudi nyuma, ya kujumlisha inakwenda mbele. Ndugu yake, `relativeTimeGTOrderingMatch`, anafanya upande wa pili. Hakuna hesabu ya UTC, hakuna herufi Z, na kichujio kikikaa kwenye faili miaka mitano bado kitauliza swali lilelile. Nakiri kinapendeza.

Lakini kuna masharti. Sifa ya kuingia mara ya mwisho lazima iwashwe kwanza kwenye sera ya nywila, haijijazi yenyewe. Kisha lazima uandae fahirisi ya aina ya `extensible` kwa kanuni hiyo, la sivyo seva italazimika kupekua kila ingizo, na kwa kawaida OpenDJ humkatalia utafutaji wa namna hiyo mtu asiye na ruhusa maalumu. OpenLDAP mambo ni mepesi zaidi hapo: fahirisi ya `eq` kwenye sifa ya GeneralizedTime inasaidia hata `>=` na `<=`.

Kuhusu saa, hapa kuna faida na hasara zimekaa pamoja. Seva moja ikijibu matawi matano, “sasa” ni moja kwa wote. Hakuna tena kompyuta ya tawi la Makambako yenye saa yake ya peke yake. Ila saa ya seva ikipotea, imepotea kwa kila mtu. Umeme wetu tunaujua. Weka `chrony`, programu ya kusawazisha saa, na hakikisha inapata chanzo cha saa kabla huduma ya saraka haijaanza. Kwa Active Directory hili limeshajilinda kidogo, kwa sababu Kerberos, mfumo wake wa kuthibitisha anayeingia, hukataa tofauti ya saa inayozidi dakika tano kwa mipangilio ya kawaida, kwa hiyo utasikia kelele mapema.

Kinachonifanya nisiichague mara ya kwanza ni kuhama. SACCOS ile ilianza kufikiria OpenLDAP ili wapate kijana wa TEHAMA kwa urahisi, maana wanaoijua OpenDJ huku ni wachache. Kichujio kilekile ukikipeleka OpenLDAP hakikatai. Kanuni haijulikani, orodha inarudi tupu, na kazi ya usafi ya kila mwezi inaendelea kuripoti kwamba mambo ni shwari. Kama unabaki na OpenDJ na una mtu wa kuitunza, itumie kwa moyo mweupe. Kama kuna hata uvumi wa kuhama, rudi kwenye skripti.

Kupiga alama usiku

Njia hii inaonekana ya kizamani, na mimi ndiyo nimeifunga sehemu nyingi kuliko zote. Kazi ya usiku inakokotoa saa kwa njia ya kwanza, inapata orodha, kisha inabadilisha kitu ambacho kichujio cha kawaida kinakiona: inamtoa mtu kwenye kikundi. Programu zote zinabaki na kichujio kisichobadilika:

```
(memberOf=cn=wanaoruhusiwa,ou=vikundi,dc=kampuni,dc=example)
```

Kule Mufindi sababu ilikuwa hii. Makarani wa mizani huajiriwa kwa mkataba wa miezi michache wakati wa mvua, chai inapochumwa kwa wingi. Akaunti zao ziliwekewa `accountExpires`, na Active Directory ilikuwa inawazuia vizuri tu. Anayejaribu kuingia baada ya muda alirudishiwa kosa 49 lenye `data 701`, yaani akaunti imekwisha muda. Katibu wa ofisi ya Mafinga akanipigia:

“Kaka, hawa wa msimu uliopita mbona bado wapo kwenye orodha ya anwani? Meneja ametuma taarifa ya mishahara kwa watu walioondoka.”

“Wanaweza kuingia, dada?”

“Kuingia hawawezi. Ila wanaonekana.”

Hapo ndipo tofauti ilipo. Kuzuia kuingia ni kazi ya seva, na hukuhitaji kichujio chochote. Weka tarehe kwenye `accountExpires` na uondoke. Kuonekana ni kazi ya kichujio cha programu, na ile programu ya anwani ilikuwa na kisanduku kimoja kisichojua saa. Kikundi kilimaliza habari hiyo.

Hasara yake ni kuchelewa. Anayemaliza mkataba saa sita usiku na kazi ikapita saa saba, sawa. Anayefukuzwa saa nne asubuhi anabaki kwenye kikundi hadi usiku unaofuata, kwa hiyo kufukuzwa kushughulikiwe kwa mkono. Kubwa zaidi, kazi ikiacha kukimbia hakuna anayejua: vikundi vinabaki vilivyo, waliokwisha muda wanaendelea kuonekana. Umeme ukikatika saa saba usiku, `cron` ya kawaida, kipanga kazi cha Linux, hairudii iliyokosa. Tumia `anacron`, au kipima muda cha systemd chenye `Persistent=true`, ambavyo hufidia mashine ikiwaka. Kisha ifanye kazi iandike kwenye `description` ya kikundi muda ilipopita mara ya mwisho. Asubuhi mtu yeyote akifungua kikundi anaona kama tarehe ni ya leo.

Kwa OpenLDAP inayotunza watumiaji wa Linux, njia hii wakati mwingine ndiyo pekee. Sifa ya `shadowExpire` huhesabu siku tangu tarehe 1 Januari 1970, kwa hiyo 30 Juni 2025 ni 20269. Mtu anaandika `(shadowExpire<=20269)` na anapata patupu, ingawa data ipo. Skima ya RFC 2307, yaani orodha ya maelezo ya sifa hizi za Linux, imeipa sifa hiyo kanuni ya usawa peke yake, haina ya mpangilio. `=` itajibu, `<=` haitajibu. Ukihitaji kuzuia kuingia kwenye mashine, iachie SSSD, huduma ya Linux inayosimamia kuingia: ukiiambia `access_provider = ldap`, `ldap_access_order = expire` na `ldap_account_expire_policy = shadow` inaichukua namba na kuilinganisha na saa yake yenyewe. Ukihitaji ripoti, zichote akaunti zenye sifa hiyo, linganisha kwenye skripti, kisha piga alama.

Kuchota kila kitu na kuchuja nje

Hili limekwisha kutajwa hapo juu kwa `shadowExpire`, na libaki la pale tu unapolazimika. OpenLDAP kwa kawaida hukata jibu kwenye maingizo 500, Active Directory kwenye 1000 kwa kila ukurasa wa majibu, na anayesahau mipaka hiyo huchuja nusu ya watu akidhani ni wote. Chuo cha wanafunzi 300 kitaponea. Mwaka wakiandikishwa 600, ripoti itaanza kudanganya.

Ningekuwa naanza leo

Chuo kipya kikiniita Uyole au Njombe, kikiwa na OpenLDAP na seva moja, ningewapa sifa moja yao wenyewe ya tarehe ya mwisho, yenye sintaksia ya GeneralizedTime na `generalizedTimeOrderingMatch`, na fahirisi ya `eq` siku hiyohiyo. Mwanafunzi anapoandikishwa tarehe inaandikwa, tayari kwa Z. Skripti moja inakokotoa sasa, inatoa ripoti kwa msajili, na inawatoa kikundini waliokwisha muda. Moodle (mfumo wa masomo), Wi-Fi na printa vinasoma kikundi tu.

Ofisi yenye Active Directory haina haja ya sifa mpya. Tarehe iende kwenye `accountExpires`. Wanaoiweka kwa dirisha la kawaida wajue kwamba “mwisho wa tarehe 30” huhifadhiwa kama saa sita usiku ya kuamkia tarehe 1 kwa saa za kompyuta ya aliyeiweka. Skripti inayosoma namba hiyo itakuonyesha Julai mahali ambapo dirisha linaonyesha Juni, na zote mbili ziko sawa. Kwa waliolala, kabla ya kuandika kichujio chochote jaribu kwanza `Search-ADAccount -AccountInactive -TimeSpan 90.00:00:00 -UsersOnly`. Inakukokotolea saa yenyewe. Kichujio chako mwenyewe kianze pale tu unapotaka sharti ambalo amri hiyo haina, kwa mfano OU (folda ya akaunti ndani ya saraka) ya makarani wa msimu ukiacha wale waliofunguliwa akaunti mwezi huu.